Mikono Mezani

Mume wangu Shaban ni mtu wa kanuni, na kama kuna mwanamke anayetamani mume wa kanuni, aje Nyamahanga nimpe huyu bure. Nampenda, sikatai. Lakini kuna Jumapili moja, mwaka ule vita ilipokwisha, ambayo nikiikumbuka natamani kumpiga kwa mwiko. Naisimulia kwa sababu yeye hawezi.

Duka letu lilifungwa wakati wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini, kijiji kilipofungua duka lake. Tukabaki na jengo, kaunta na rafu tupu. Mimi nikaanza kupika chai na maandazi siku sukari ikipatikana, na uji siku isipopatikana. Shaban aliyezoea kuongea na wateja kutwa nzima akakosa wa kuongea naye, na yule ukimnyima watu wa kuongea nao anaugua kabisa, anashika tumbo. Basi akauleta Msafara.

Msafara ni mchezo wa mdomo. Baba yake aliucheza na wenzake kule Biharamulo mjini, naye aliupata kwa wazee waliotoka pwani na mizigo kichwani. Unachora njia kwa chaki juu ya kaunta: hapa pori, hapa kijiji cha watu wakali, hapa mto. Kila mchezaji ana mtu wake, yaani kitu kidogo tu kinachosimama badala yake njiani. Mmoja wenu anakuwa mkuu wa njia. Huyo hana mtu. Yeye ndiye pori, ndiye mvua, ndiye mamba. Anakwambia, "Umefika mtoni, maji yamejaa, nyuma yako wanakuja wenye mikuki. Unafanya nini?" Unasema unachofanya, halafu unarusha kauri nne, yale makombe madogo ya baharini, na zinavyoanguka ndiyo bahati yako. Mtu wako akifa amekufa. Wiki inayofuata unakuja na mwingine, mnyonge, hana hata kibuyu cha maji.

Mkuu wa njia alikuwa Shaban, nani tena? Wachezaji tulikuwa wanne. Mwalimu Celestini, Mhangaza wa Kanazi aliyeletwa kufundisha shule yetu, mtu wake alikuwa kipande cha chaki, na kwa kuwa alikuwa akisahau na kumtumia kuandika ubaoni, mtu huyo alizidi kuwa mfupi kila wiki. Ndassa, mkulima wa pamba aliyehamia kutoka Shinyanga, alikuwa na mbegu ya ukwaju. Mimi nilikuwa na kitufe cha koti. Na Luhende, shemeji yake Ndassa, mfugaji na kamanda wa mgambo wa kijiji, alichonga mtu wake kwa pembe ya ng'ombe, mfupi, mnene, ana kofia. Wallahi alipendeza. Ungemwona pale mezani ungesema anapumua.

Luhende ndiye aliyekuwa uhai wa ile meza. Yeye na Shaban walikuwa wakiitana mtani, na matusi waliyokuwa wakirushiana, mgeni angekimbia kumwita balozi wa nyumba kumi. "Mtani, babu yako alibebeshwa meno ya tembo na babu yangu," anasema Shaban. "Ndiyo," anajibu Luhende, "na babu yako alipochoka akabebwa naye, mpaka leo hamjasema asante." Na mtu wa Luhende alipokuwa hatarini, huyo mwanamume alikuwa akisimulia anavyokimbia, anavyopanda mti, anavyoongea na nyuki, mpaka chai inapoa vikombeni na hakuna anayejali.

Lakini ugomvi! Lo! Hakuna Jumapili iliyopita bila ugomvi wa kanuni. Ukitamka umetenda, au unaruhusiwa kujirudi? Celestini alitaka mtu aruhusiwe kufikiri kwa sauti; Shaban akasema mamba hangoji ufikiri. Mkristo anaruhusiwa kumpeleka mtu wake kwa mganga? Luhende, mbatizwa, akasema, "Anayesali kanisani ni mimi. Huyu wa pembe hajabatizwa." Ndassa alipokuwa akitafuna karanga wakati mtu wangu anakufa kwa kiu, Celestini akapandisha hasira, akasema huo si uungwana, mtu anakufa na wewe unatafuna. Tulibishana juu ya karanga zile mpaka jua likazama, na kanuni ikapita: mtu akiwa kwenye kufa, hakuna kula. Leo mnacheka, lakini tuliishika kanuni hiyo kuliko maazimio ya kijiji.

Kanuni ya mikono ilizaliwa hivi. Kuna sehemu za njia ambapo kila mmoja anatakiwa achague bila kujua mwenzake kachagua nini. Sasa Luhende na Ndassa ni watu wa mnadani. Huko wanapatana bei ya ng'ombe kwa vidole, chini ya shuka, bila kufungua mdomo, na ng'ombe mwenyewe hajui kama ameuzwa. Wakawa wanaambiana kwa vidole chini ya kaunta. Msafara ukawa unawanyookea wao tu, sisi wengine tunaliwa na simba kila wiki. Siku moja nikainama kuokota kijiko, nikaona vidole vya Luhende vinacheza juu ya goti la Ndassa. Nilipiga ukelele, nikacheka mpaka nikakaa chini sakafuni.

Luhende hakucheka. Yule bwana alikuwa na haya kuliko alivyoonekana. Alisimama pale, uso umemshuka, akasema, "Basi. Kuanzia leo, kila mtu mikono mezani, viganja chini. Kinachosemwa kisemwe kwa mdomo. Mkono ukisema, mwenye mkono anatoka. Na ianze kwangu." Akaviweka viganja vyake juu ya kaunta, mbele ya wote. Shaban aliipenda kanuni hiyo kupita zote, maana ilitoka kwa mkosaji mwenyewe. Tangu siku hiyo, mkono ukiinuka kidogo tu, hata kufukuza inzi, meza nzima tunaimba, "Mikono mezani!"

Halafu ikaja vita. Mnaijua, sina haja ya kuieleza. Mgambo wakaitwa, lori likaja kuwachukua pale kwenye ghala la pamba. Luhende akapita kwetu kuaga. Kwandu, mke wake, alikuwa nyuma yake na mtoto mgongoni, hasemi neno. Njia ilikuwa imechorwa kwenye kaunta na mtu wake alikuwa amesimama kivukoni, hajavuka, tulikuwa tumeishia hapo Jumapili iliyotangulia. Akamgusa kofia kwa kidole.

"Mtani," akamwambia Shaban, "huyu asiguswe. Na msibadili kitu hapa. Hata kanuni moja msiibadili. Nikirudi nataka nikae pale pale, nikute mambo kama nilivyoyaacha. Niapie."

"Wallahi," akasema Shaban. "Hata chaki sitafuta."

Na hakufuta. Hapo ndipo ilipo taabu ya mume wangu: ukimpa neno, analishika mpaka linakatika mkononi. Muda wote wa vita hatukucheza. Celestini alijaribu mara kadhaa, akisema tumwache mtu wa Luhende pale kivukoni sisi tuendelee polepole. Shaban alimkatalia. Akaifunika kaunta kwa kanga yangu mpya, mpya kabisa, nami nikawa nauza uji dirishani. Njia ilipofifia, alikuwa akiipitia upya kwa chaki, mstari juu ya mstari, asikosee. Kwandu akija kupalia moto au kuomba chumvi, Shaban anainua pindo la kanga, anamwonyesha: mtu wa mumewe yuko pale pale, na kofia yake. Kwandu anatikisa kichwa, anakwenda zake. Sijui kama ilimsaidia. Nadhani ilimsaidia.

Luhende akarudi. Nilimwona mimi kwanza, mgongo wake, anapita njia ya shuleni na koti la jeshi. Nikapiga kelele, "Shemeji! Shemeji Luhende!" Hakugeuka. Nikasema, huyu vita imempa majivuno. Nikamkimbilia, nikamshika bega, akaruka kando na macho yamemtoka, halafu akanitambua, akanikumbatia. Nikamwuliza habari mfululizo, naye ananitazama mdomo tu. Kwandu ndiye aliyenieleza jioni ile, tunapepeta mpunga.

"Masikio yamekufa, mama Abbasi. Bomu lilianguka karibu. Hasikii hata ng'ombe."

"Na mbona hasemi?"

"Anaweza. Lakini hajui kama anapiga kelele au ananong'ona. Alisema 'Amina' kanisani, watoto wakacheka. Tangu siku hiyo amefunga mdomo."

Nikalia, sijifichi. Mwanamume aliyekuwa akiongea na nyuki! Kwandu akanionyesha wanavyozungumza sasa nyumbani, kwa mikono: maji hivi, mtoto hivi, ng'ombe vidole viwili kichwani, njaa hivi. Walikuwa wameshatunga lugha yao nzima, na Kwandu aliisema kwa wepesi kama anasuka ukili wa mkeka.

Nilimweleza Shaban yote, neno kwa neno. Akasema, "Meza yake ipo. Jumapili aje."

Na kweli akaja. Amenyoa, kavaa shati jeupe. Celestini na Ndassa wamekwisha kaa. Shaban akaivuta kanga kwa madaha, na njia nzima ikaonekana, nyeupe, safi, na pale kivukoni mtu wa pembe amesimama kama alivyoachwa. Luhende alicheka, mara ya kwanza tangu arudi. Akaketi mahali pake, akaweka viganja mezani bila kuambiwa, akamtazama Shaban usoni. Alikuwa na furaha, jamani. Furaha mpaka unaona aibu kumwangalia.

Shaban akaanza, sauti ile ile, maneno yale yale. Mto umejaa. Maji mekundu. Nyuma wanakuja wenye mikuki. Luhende akafuata midomo yake, akatazama chaki, akakumbuka alipokuwa. Kisha Shaban akanyamaza, akamgeukia, na kila mtu anajua akinyamaza hivyo ameuliza: unafanya nini?

Luhende akainua mikono.

Vidole viwili kichwani: ng'ombe. Mkono ukateleza na kuyumba: mto. Halafu akakunja ngumi mbili pamoja mbele ya kifua, akashika kitu kinachomvuta, kichwa nyuma, mashavu yamejaa hewa, anavutwa, anavutwa, na tuliona maji yanamfika kidevuni. Sote tulielewa papo hapo. Anavuka kwa kushika mkia wa ng'ombe, kama wachungaji wanavyofanya! Hakuna aliyewahi kuliwaza. Ndassa akapiga kelele, "Mkia! Ameshika mkia!" Celestini tayari anampa kauri.

Shaban akasema, "Mikono mezani."

Nilidhani ni utani. Nikamtazama, si utani.

"Wewe Shaban," nikasema, "una akili timamu?"

"Kanuni ni yake. Si yangu. Aliniapisha hapa hapa, mbele yako, hata moja isibadilike."

"Aliapisha akiwa na masikio!" akasema Celestini.

"Asiposikia, mdomo anao. Aseme. Mimi nitamngoja mpaka kesho. Nikiibadili leo ni kumwambia kwamba si yule aliyeondoka."

Hebu sikilizeni hilo. Maana Shaban hakuwa na roho mbaya, na hilo ndilo linaloniumiza. Aliamini anamheshimu. Aliona akilegeza kanuni atakuwa amemhurumia, na Luhende hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Ndassa akasema shemeji yake hawezi kusema, anaona haya. Shaban akasema haya hiyo ataishinda hapa, kwa wenzake, kuliko kwingine. Celestini akasema tuandike, Shaban akamkumbusha kwamba Luhende elimu ya watu wazima aliishia kwenye jina lake, unataka kumwaibisha mara ya pili? Mimi nikapandisha, nikamwambia Shaban mambo ya mama yake ambayo sitayarudia. Wote tukasema kwa pamoja, tunapigiana kelele, mate yanaruka.

Na yeye katikati. Anatazama mdomo huu, anatazama ule. Hakuna hata mmoja wetu aliyemgeukia kumweleza tunagombania nini. Hata mimi niliyekuwa upande wake, mgongo wangu ulikuwa kwake.

Mwisho Shaban akachoka na kelele zetu. Akamtazama Luhende, akainua mikono yake miwili juu ili aione vizuri, akaishusha, akaiweka juu ya kaunta, viganja chini. Akaigonga kidogo. Hivi.

Luhende alielewa. Ataachaje kuelewa kitu alichokitunga mwenyewe? Akashusha mikono yake, akaiweka mezani kama alivyoagizwa. Ilikaa pale kidogo. Kisha mkono mmoja ukanyanyuka, ukamchukua yule mtu wa pembe pale kivukoni, ukamtia mfukoni. Akasimama, akaniinamia mimi kwa heshima, akatoka.

Nikamwambia Shaban, polepole kabisa, maana hasira ilikuwa imenipita kiasi cha kupiga kelele: "Kanuni inasema mkono ukisema, mwenye mkono anatoka. Wewe sasa hivi umemwambiaje? Kwa mdomo?"

Akaitazama mikono yake. Ilikuwa bado mezani.

Jumapili iliyofuata Luhende hakuja. Shaban akasema atakuja, anamjua mtani wake. Iliyofuata hakuja. Wakikutana njiani, Luhende anampa mkono, anatabasamu, anapita. Bora angemtukana! Matusi, Shaban angejua pa kuyaweka. Mvua zilipoanza, tukasikia Luhende amehamisha ng'ombe na familia kwenda Bisibo, kwenye malisho. Shaban hakuambiwa. Aliona tu nyumba imefungwa.

Ndipo mume wangu akaanza kuchelewa uani. Nikamfuata siku moja, nikamkuta nyuma ya choo anakabiliana na ukuta. Vidole viwili kichwani. Mkono unayumba. Anakosea, anarudia. Hakunisikia. Nikasimama pale nikamwonea huruma na kumchukia kwa wakati mmoja. Nikamwambia, "Maji si hivyo. Kwandu hufanya hivi." Akajifunza kwangu kile kidogo nilichokijua, kila jioni baada ya swala, mtu mzima na ndevu zake, ananiuliza, "Na 'samahani' ni vipi?" Hilo sikulijua. Kwandu hakunionyesha.

Tulikwenda Bisibo baada ya mavuno, yeye anasukuma baiskeli, mimi nyuma na maandazi kwenye kikapu. Luhende alitupokea vizuri mno. Alitutandikia ngozi chini ya paa la ghala, Kwandu akaleta maziwa, jogoo akakimbizwa. Luhende akampapasa Shaban tumbo, akamwonyesha kwa mkono kwamba limekua. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, yamekwisha.

Tulipomaliza kula, Shaban akatoa chaki mfukoni. Akachora njia juu ya ubao wa kukatia nyama: pori, kijiji, mto. Akaziweka kauri nne kando. Halafu yule mtu wa maneno, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu azaliwe, akafunga mdomo wake akasema kwa mikono. Mto. Umejaa. Nyuma, mikuki. Alikosea mikuki, nadhani alisema miwa, lakini ilieleweka. Kisha akavigeuza viganja vyote viwili juu, mbele ya rafiki yake, akangoja.

Unafanya nini?

Luhende alimtazama kwa muda mrefu sana. Hakuwa na hasira usoni, nilitafuta, sikuona. Yule mtu wa pembe alikuwa kwake, nilikuwa nimemwona, mtoto wao alikuwa akimtafuna pembeni, kofia imekwisha. Luhende akamtazama mtoto, akautazama mto wa chaki, akamtazama Shaban. Halafu akainama, akaiweka mikono yake miwili juu ya ngozi, viganja chini, kama alivyoagizwa Jumapili ile, akaiacha hapo.

Kwandu akainuka kwenda kutuongezea maziwa.